Darasa langu la awali linakijibu kishikwambi kila kitu, lakini haliulizi tena

Mwalimu wa Awali, Muheza

Habari za kazi, walimu wenzangu na wazazi.

Ninafundisha darasa la awali katika shule ya kijiji wilayani Muheza, na mwaka huu nina watoto 68. Tangu walimu tulipogawiwa vile vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya 2022, nimekuwa nikipakua vipindi vya watoto ninapokwenda mjini kwenye mtandao mzuri, kisha ninavionyesha darasani kwa zamu, watoto 10 hadi 12 kila kundi, huku wengine wakichora au wakicheza uwanjani chini ya uangalizi wa mzazi mmoja anayejitolea kunisaidia. Siyalalamikii wanayoyapata. Watoto walioanza Januari bila kuweza kuhesabu hadi tano sasa wanafika 20, wanayataja maumbo, na baadhi yao wanazitambua herufi za majina yao.

Linaloninyima usingizi ni jambo jingine. Wiki mbili zilizopita niliamua kuandika kwenye daftari kila swali ambalo mtoto aliuliza kwa hiari yake wakati wa kipindi cha kishikwambi. Baada ya siku nne nilikuwa na maswali saba tu, na manne kati yake yalikuwa ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Watoto haohao, nikiwasikiliza chini ya mwembe wakati wa uji, huulizana bila kukoma: kwa nini siafu hufuatana kwa mstari, nani ameuweka mwezi mchana, kuku akifa yai lake linajua? Mbele ya kioo wanajibu, wanapiga makofi na kurudia wimbo, basi.

Nami nina kosa langu ambalo nadhani linahusika. Mwezi wa Machi tulikuwa tukitazama kipande cha kuhesabu maembe yaliyo kikapuni, na binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, nani aliyapanda?" Nilimwambia atazame kwanza, tutaulizana baadaye. Hiyo baadaye haikufika, kwa sababu kundi jingine lilikuwa mlangoni likisubiri zamu, na tangu siku hiyo sikumbuki kumsikia binti yule akiuliza chochote akiwa mbele ya kioo.

Ninachoomba kuelimishwa ni hiki: je, vyombo vya kidijitali vinaweza kumlea mtoto wa miaka 5 awe mwenye kudadisi na kuhoji, au kwa jinsi vilivyoundwa vinamfundisha kujibu tu? Na kama vinaweza, mwalimu mwenye darasa la ukubwa huu afanye nini hasa?

Mwandishi wa Vipindi, Dar es Salaam

Mwalimu, pole na kazi, na hongera kwa kulitunza daftari hilo. Wengi wetu tunaotengeneza vipindi hatujawahi kuhesabu kitu hicho.

Nimeandika miswada ya vipindi vya watoto wadogo kwa miaka kadhaa, hivyo naomba nieleze yanayofanyika upande wetu, kwa kuwa nadhani sehemu ya jibu lako imo humo. Mhusika anapomgeukia mtazamaji na kuuliza, "Unaiona pembetatu?", mswada huacha kimya cha sekunde chache, kisha mhusika husema, "Vizuri sana!" Pongezi hiyo ilirekodiwa miezi mingi kabla mtoto hajafungua kinywa. Aliyejibu sawasawa anapongezwa, aliyekosea anapongezwa, na aliyekuwa akitazama dirishani naye anapongezwa. Mbinu yenyewe si mbaya. Kipindi cha Blue's Clues, kilichoanza nchini Marekani mwaka 1996, kilijengwa juu ya kimya hicho, na kila kipande kilirushwa siku tano mfululizo kwa sababu watafiti waliona kwamba kadiri watoto wanavyokirudia ndivyo wanavyoelewa na kushiriki zaidi. Lakini hata hapo anayeuliza ni mhusika, na mtoto amepewa kazi moja tu, ya kujibu.

Programu za kugusa nazo ziko hivyohivyo, pengine zaidi. Mtoto huletewa picha tatu au nne, moja ikiwa sahihi, na akiigusa anapata nyota. Hakuna mahali pa kugusa palipoandikwa "kwa nini?", kwa sababu mtungaji wa programu hulazimika kujua mapema kila kitakachotokea, ilhali swali la mtoto ndicho kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukijua mapema. Nilipokuwa nikianza kazi hii sikuliona jambo hilo kabisa. Nilidhani kipindi chenye maswali mengi ni kipindi kinachofundisha kuuliza.

Mkoa wako wa Tanga una historia inayohusika. Shindano la Global Learning XPRIZE, la kutunga programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, lilipeleka vishikwambi katika vijiji 170 vya mkoa huo, kwa watoto ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kwenda shule. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa kuwa washindi na kugawana dola milioni 10. Hayo ni mafanikio makubwa na sitaki mtu ayabeze. Ila kilichoamua mshindi kilikuwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na hakuna mtungaji ambaye angetumia fedha zake kumfanya mtoto aulize ilhali kuuliza hakukuwa na alama. Utafiti uliofanywa Morogoro kuhusu katuni ya Akili and Me, na kuchapishwa mwaka 2018, nao uliona watoto waliotazama wakiwazidi wenzao katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo. Sisi watengenezaji tunaonyeshwa matokeo ya namna hiyo, nasi tunazidi kutengeneza yaleyale.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, chombo peke yake hakitafanya kazi hiyo. Aliyekaa kando yake anaweza.

Mzazi wa Wawili, Morogoro

Mwalimu, nakuheshimu kwa unayoyafanya, lakini naona tunazunguka jambo lililo wazi. Vifaa vipunguzwe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo lililoutoa Aprili 2019, lilisema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku akiwa amekaa mbele ya kioo, na kwamba pungufu ya hapo ni bora zaidi. Wa kwako wana miaka 5, sawa, lakini tofauti ni mwaka mmoja.

Halafu kuna vifaa vinavyoulizwa, ambavyo ndugu Mwandishi hakuvigusa. Simu yangu inaelewa sauti, na mwanangu mdogo, aliyetimiza miaka 5 mwezi uliopita, ameshajua kuibonyeza na kuizungumzisha. Jioni moja aliiuliza kama popo ni ndege, ikamjibu kwa sauti ya upole kwamba ndiyo. Nilipomweleza kuwa popo huzaa na kunyonyesha, wala hatagi mayai, aliniambia, "Baba, simu imesema." Nilirudia mara tatu. Siku ya pili alimweleza dada yake kwamba popo ni ndege na baba hajui.

Mwanangu, basi, anauliza sana, pengine kuliko darasa lako zima, ila hahoji. Anapokea tu. Ndiyo maana sioni kama tatizo lako litaisha kwa kuongeza idadi ya maswali kwenye daftari.

Mwanafunzi wa Elimu ya Awali

Nakubaliana na Mzazi kwamba kuuliza na kuhoji ni mambo mawili, na kwamba lile la pili ndilo tunalolikusudia tunapozungumza juu ya fikra tunduizi. Sikubaliani naye kwamba kuondoa kishikwambi kutayarudisha maswali darasani.

Mwaka 1984 Barbara Tizard na Martin Hughes walichapisha matokeo ya kazi yao jijini London, ambako walirekodi mazungumzo ya wasichana 30 wa miaka 4 wakiwa nyumbani na mama zao, kisha wakiwa katika shule za awali na walimu wao. Nyumbani watoto hao waliuliza kwa wastani maswali 26 kwa saa. Shuleni, watoto walewale, waliuliza mawili. Wakati huo hapakuwa na kishikwambi duniani. Shule, kwa namna ilivyopangwa, yaani mtu mzima mmoja kwa wengi, ratiba, na mwalimu mwenye jukumu la kuuliza, huyakausha maswali ya watoto, na kioo kinapoingia darasani huingia katika mpango huohuo na kuukaza. Mwalimu ameliona jambo hili kwa macho yake chini ya mwembe.

Kuna mambo mawili ya utafiti ambayo nadhani yanamgusa moja kwa moja. La kwanza ni la Brandy Frazier, Susan Gelman na Henry Wellman, 2009. Waliona kwamba mtoto mdogo anayeuliza "kwa nini" akipewa maelezo hasa, huridhika au huuliza swali jipya linalokwenda mbele zaidi, lakini akipewa jibu lisilo na maelezo hulirudia swali lake au hujitungia maelezo yake mwenyewe. Mtoto, basi, haulizi ili apate kusikilizwa tu, bali anatafuta sababu, na anajua ikiwa amepewa au amenyimwa. Binti wa maembe alijua.

La pili ni la Elizabeth Bonawitz na wenzake, 2011. Walimpa mtoto kitu cha kuchezea cha ajabu chenye mambo manne yaliyofichika. Watoto walioonyeshwa na mtu mzima kwa namna ya kufundishwa, kwamba ukivuta hapa panalia, walivuta hapo, wakaridhika, na waliyagundua mengine kwa uchache kuliko watoto waliomwona mtu mzima akigusa hapo kama kwa bahati. Mafundisho yaliyokamilika yalikuwa yamewaambia, bila kutamka, kwamba hakuna kingine cha kutafuta. Vipindi vyetu vingi ni mafundisho yaliyokamilika. Kila kitu kimepangwa, kimepigiwa muziki na kufungwa. Mtoto angeuliza nini?

Na kwa Mzazi, naomba nikupe jambo la kujaribu. Watoto wa miaka 4 wameonekana katika majaribio mengi kwamba wakimwona mtu akivikosea vitu wanavyovijua, humpunguzia imani anapowaambia jambo wasilolijua. Usishindane na simu kuhusu popo. Mwambie mwanao aiulize jina la bibi yake, au rangi ya mlango wenu, au kile mlichokula jana usiku. Aione ikishindwa katika mambo ambayo yeye ndiye bingwa wake, kisha mrudi wote wawili kwenye swali la popo mkiwa na picha ya popo akimnyonyesha mwanawe.

Mwalimu wa PP2 (mwaka wa pili wa awali), Kilifi

Huku kwetu Kenya, mtaala wa umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali, na pia uwazaji kina na utatuzi wa matatizo, katika orodha moja ya umilisi saba wa kimsingi, nami kwa muda mrefu nilidhani ukimpa mtoto tableti umeshayatimiza yote mawili. Sivyo.

Ninalolifanya sasa ni dogo. Ninazima sauti. Tunatazama sekunde 40 bila kusikia chochote, tunazirudia, kisha ninafunika kioo kwa leso na kunyamaza. Hapo ndipo penye ugumu, kunyamaza. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani katika miaka ya 1970, aliona walimu wakisubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuendelea, na walipojizoeza kusubiri tatu, majibu ya watoto yalirefuka na watoto wenyewe wakaanza kuuliza zaidi. Mimi huhesabu vidole vyangu nyuma ya mgongo. Watoto husema wanachotaka kujua, ninachora alama moja ubaoni kwa kila swali, kisha tunafungua sauti na kutazama tena ili kuona ni yapi yaliyojibiwa. Yasiyojibiwa huyazungushia duara. Wanafunzi wangu wanayapenda ya duara kuliko yote, na wana msemo wao: "Kipindi hakijui hili!"

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Wanangu, nimesoma yote mliyoyaandika na nimefurahi. Nilifundisha miaka 34, zaidi ya nusu yake nikiwa na ubao na chaki tu, na hata hivyo watoto walinyamaza. Kila ukuta wa shule ulikuwa na maandishi "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo", na chini ya maandishi hayo mtoto aliyeuliza mara mbili aliambiwa ana mdomo mrefu. Nami niliwaambia wengine hivyo, na sasa wengine wao ni watu wazima ninaokutana nao sokoni. Mwalimu wa Muheza anajilaumu kwa binti mmoja. Kwangu ni wengi.

Lakini tulikuwa na kitu tulichokiacha barazani na hatukukiingiza darasani. Mtoto anaposema "Kitendawili!", wakubwa wote wanamjibu "Tega!" Anasema, "Nyumba yangu haina mlango." Hapo mzee wa miaka 70 anahangaika, anabahatisha, na akishindwa inambidi ampe mtoto mji, ndipo aambiwe kwamba ni yai. Katika mchezo huo mtoto ndiye mwenye swali, na hakuna anayemwona hana adabu. Swali lake lina thamani ya mji mzima.

Sasa, Mwalimu, una makundi sita, na yanatazama kwa zamu. Kundi la kwanza likishatazama, usiliulize wewe. Lipe kazi ya kulitegea kundi la pili, ambalo halijatazama. Watoto wachague wenyewe kilichowashangaza, wakigeuze kuwa swali, na kundi la pili likishindwa litoe mji ndipo liangalie. Waliotazama watalazimika kufikiri ni lipi lililo gumu, na wasiotazama watakikaribia kioo wakiwa na hamu ya kujua, wakiwa tayari pia kubisha iwapo jibu walilopewa halifanani na wanachokiona. Wingi wa watoto, ambao mnauona kuwa kikwazo, hapo utakufaa, maana kitendawili hakinogi kwa mtu mmoja.

Mwalimu wa Awali, Muheza

Shikamoo Mwalimu wangu wa Tanga, na asanteni nyote. Nimerudi baada ya wiki tatu kwa sababu sikutaka kuwajibu kabla ya kujaribu.

Wiki ya kwanza haikwenda vizuri. Nilipozima sauti, kundi la kwanza lilidhani kifaa kimeharibika, na watoto wawili walilia. Nilipofunika kioo na kunyamaza, nao walinyamaza wakinitazama, wakisubiri niulize, kama walivyozoeshwa. Nilihesabu vidole hadi nikavimaliza. Hatimaye mmoja akauliza, "Mwalimu, unaumwa?" Nililiandika hilo kwenye daftari, maana lilikuwa swali la kweli.

Vitendawili ndivyo vilivyofungua njia. Siku ya kwanza walitega vile wanavyovijua kutoka nyumbani, nami sikuwazuia. Siku ya tatu kundi moja lililotazama kipande cha mvua liliwategea wenzao: "Maji yanapanda juu na hakuna ngazi." Wenzao walishindwa, wakatoa mji wa Korogwe, wakaja kutazama, kisha mmoja akakataa. Alisema maji kwenye ndoo yao hayapandi. Tumeacha sahani ya maji juani na nyingine kivulini, na kila asubuhi tunaweka alama ya kalamu mahali maji yalipofika. Sahani ya juani imeshakauka mara mbili, na yule aliyekataa ndiye anayeilinda.

Daftari la wiki hii lina maswali 41 kwa siku nne, nikiondoa yale ya chooni. Nakubali, Mzazi wa Morogoro, kwamba idadi si kitu, hivyo nimeanza kuweka nyota kwenye maswali ambayo mtoto amekibishia kipindi, au mwenzake, au mimi. Nyota ni tisa. Muda umekuwa tatizo la kweli: tumechelewa katika herufi kwa karibu wiki nzima, na nimelazimika kuonyesha kipande kimoja kwa siku tatu badala ya vipande vitatu. Nimemweleza mwalimu mkuu sababu, na amenipa hadi mwisho wa muhula.

Binti wa maembe sikumlazimisha. Nilimwendea nje, wakati wa uji, nikamwambia kwamba aliniuliza swali mwezi wa Machi na sikulijibu, na kwamba maembe yale yalichorwa na mtu, hayakupandwa. Alinyamaza. Alhamisi iliyopita nilipozima kishikwambi alibaki nyuma wenzake walipotoka, akaniuliza, "Mwalimu, yule mtoto wa kwenye picha anakaa wapi tukizima?" Nilimwambia sijui namna nzuri ya kumwonyesha, na kwamba ningewauliza watu wanaojua. Ndugu Mwandishi wa Vipindi, swali hili ni lako.

Mwandishi wa Vipindi, Dar es Salaam

Mwalimu, chukua daftari kuukuu lenye kurasa nyingi. Kwenye kona ya chini ya kila ukurasa chora mtoto mdogo wa vijiti, na katika kila ukurasa unaofuata msogeze mkono wake kidogo sana, kurasa 20 hivi zinatosha. Kisha shika kona hizo kwa kidole gumba uziachie haraka, na atapunga mkono. Sisi tunafanya hivyohivyo, ila michoro yetu ni mingi zaidi kwa kila sekunde. Mpe binti daftari hilo alifungue na kulifunga mwenyewe, polepole na haraka, mara nyingi kadiri atakavyo, na umwachie penseli na kurasa tupu zilizobaki. Na tafadhali niandikie atakachouliza baada ya hapo.